Daftari la Vifaru

Katika sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha mama, nyumbani Ngamiani, Tanga, kuna daftari la hesabu, lile lenye kurasa za viboksi, ambalo halijawahi kuandikwa hesabu hata moja. Kurasa zake zimejaa miraba iliyotiwa rangi: mwekundu ni matofali, wa buluu ni maji, wa kijani ni msitu, na ule uliopigwa mistari ya penseli ni chuma. Aliyeichora ni dada yangu, kuanzia mwaka 1997, na mimi nilikuwa msaidizi wake wa kuchonga penseli. Tangu wakati huo nimemiliki mashine tano za gemu, nyingine peke yangu na nyingine kwa kuchanga na wenzangu, na kila ninapotaka kuzieleza najikuta naanza na daftari hilo, kwa sababu mashine yetu ya kwanza haikuwa na uwezo wa kukumbuka chochote, na kumbukumbu yake yote ilikuwa humo.

Mashine hiyo ililetwa na mjomba, ndugu wa mama, ambaye alikuwa baharia katika meli za mizigo na kila aliporejea kutoka Dubai hakukosa kitu cha watoto ndani ya begi lake. Safari hiyo alitoa boksi lenye picha za rangi kali na maneno Family Game. Ndani yake mlikuwa na kifaa cheupe chenye mistari ya rangi ya damu ya mzee, pedi mbili za kuchezea ambazo waya zake zilitoka moja kwa moja tumboni mwa mashine, bastola ya plastiki, adapta, na kaseti moja ya gemu, ya manjano. Niliishi miaka mingi nikiamini kwamba hilo ndilo jina lake halisi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ilikuwa nakala ya Family Computer, mashine iliyosanifiwa na mhandisi Masayuki Uemura na kutolewa na Nintendo nchini Japani tarehe 15 Julai 1983, na kwamba walioinakili walikuwa wamezikusanya sehemu zake kuu ndani ya kipande kimoja cha kielektroniki kisha wakakimwagia gundi nyeusi juu yake. Nawaheshimu sana waliobuni mashine asili, lakini nawashukuru pia walioinakili, kwa kuwa bila wao mtoto wa Barabara ya 12 asingeijua kabisa.

Inafaa kukumbuka kwamba hata televisheni yenyewe ilikuwa bado ngeni kwetu. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, miaka mitatu tu kabla mjomba hajafungua begi lake. TV yetu ya kichogo, ya inchi 14, ilikaa sebuleni juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma, nayo ikafunikwa kitambaa kingine, na baba aliamini, kama walivyoamini wazazi wengi wa wakati ule, kwamba gemu inaua TV. Kwa hiyo tuliruhusiwa muda wa saa moja na nusu kila Jumamosi na Jumapili, na ilipokaribia taarifa ya habari waya wa antena ulirudishwa mahali pake bila mjadala.

Kuunganisha ilikuwa kazi ya dada peke yake. Alichomoa antena, akachomeka waya wa gemu, kisha akaanza kuzungusha kitufe kidogo cha kutafutia stesheni huku skrini ikiwa imejaa chenga na spika ikivuma kama mvua juu ya bati. Alizungusha taratibu, amebana pumzi, mpaka chenga zikaanza kujikusanya na mvumo ukakatika, na orodha ya gemu ikatokea, ya kijivu kwanza, halafu alipoongeza kiasi cha unywele ikapata rangi zake. Siku ya kwanza alipoipata mahali hapo alichukua rangi ya kucha ya mama akatia nukta moja kwenye kitufe na nyingine kando yake, ili wiki inayofuata asianze kutafuta upya. Hiyo ilikuwa kumbukumbu ya kwanza tuliyoipa mashine ile, na dada ndiye aliyeiwazia.

Jalada la kaseti ya manjano lilidai kwamba ndani yake mna gemu 9999999. Dada alizifungua moja baada ya nyingine na kuandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari kwamba zilikuwa 14, na zilizobaki ni zilezile zikianzia hatua tofauti. Tulipozimaliza tukaanza kubadilishana kaseti na watoto wa barabara nyingine, kwa masharti yaliyojulikana: kaseti hutoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili kabla ya magharibi, na asiyerudisha hapewi tena. Wazo la kuitenganisha gemu na mashine, ili mtu awe na mashine moja na kaseti nyingi, liliingia sokoni mwaka 1976 kwa mashine ya Channel F ya kampuni ya Fairchild, na aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi. Nilikuwa mtu mzima nilipolisoma jina lake kwa mara ya kwanza, na nilisikitika kwamba hapakuwa na mtu wa kutuambia habari zake wakati ule tulipokuwa tukikabidhiana kaseti barazani, maana tungelitaja jina lake kama tulivyotaja majina ya wachezaji wa mpira.

Kaseti ilipogoma tuliipuliza. Kila mtoto aliamini kwamba pumzi yake ina nguvu kuliko ya mwenzake. Fundi redio wa mtaani ndiye aliyetuambia kwamba kinachosaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka upya, na kwamba pumzi yetu, pamoja na hewa ya chumvi inayotoka baharini, ilikuwa ikiyaletea kutu meno ya shaba. Aliyasugua kwa ufutio wa shuleni, taratibu na kwa mwelekeo mmoja, akayapangusa kwa pamba yenye spiriti, na akakataa malipo. Dada aliliandika hilo pia: ufutio, pamba, spiriti, usipulize.

Katika zile gemu 14, moja ilituteka kuliko zote. Sisi tuliiita gemu ya vifaru, yaani vile vya vita. Jina lake ni Battle City, nayo ilitolewa na Namco mwaka 1985. Ukitazama skrini kutoka juu unaona uwanja wa mraba, na chini katikati kuna ngome ndogo yenye nembo ya tai, iliyozungushiwa ukuta wa matofali. Wachezaji wawili, mmoja ana kifaru cha manjano na mwingine cha kijani, huilinda ngome hiyo dhidi ya vifaru 20 vinavyoshuka kutoka juu katika kila hatua. Matofali hubomoka kwa risasi. Chuma hakibomoki, isipokuwa kwa kifaru kilichokusanya nyota tatu. Maji hayavukiki lakini risasi hupita juu yake, na msitu huficha kila kinachoingia ndani yake. Risasi ya mwenzako ikikupata hufi, bali unaganda kwa muda, na ukikosea shabaha unaweza kuivunja ngome yenu kwa mkono wako mwenyewe. Nimecheza gemu nyingi za watu wawili baada ya hiyo, na sijaona inayowalazimisha ndugu kuelewana kwa uzito kama ule.

Lakini kilichozaa daftari ni kitu kingine. Katika ukurasa wa mwanzo wa gemu hiyo, chini ya chaguo la mchezaji mmoja na la wachezaji wawili, kulikuwa na chaguo la tatu, Construction, ambalo watoto wengi hawakuligusa kwa kuwa hawakujua maana yake. Dada alitafuta neno hilo katika kamusi ya shule akakuta kwamba ni kujenga. Ukiingia hapo unapewa uwanja mtupu na kifaru kinachotembea bila adui, na kila ukibonyeza kitufe cha A unaweka kipande: matofali kwanza, ukiendelea kubonyeza chuma, kisha maji, kisha msitu, kisha barafu. Uwanja una viboksi 13 kwa 13. Unajenga unavyotaka, kisha unarudi na kucheza ndani ya kile ulichokijenga. Dada alikuwa na miaka 15 na mimi 11, na ninaamini kwamba siku hiyo ndiyo niliyotambua kwa mara ya kwanza kuwa ndani ya TV panaweza kuingia kitu kilichotoka kwetu.

Jumamosi ya kwanza tulijenga uwanja kwa muda wetu wote uliobaki: ukuta wa chuma unaojipinda kama ghuba, na katikati maji yenye njia moja tu ya kupita. Dada aliuita Bandari. Tulipozima, ukapotea. Jumapili tulipowasha tulikuta uwanja mtupu, na tulikaa kimya mbele yake kama watu waliofika nyumbani wakakuta nyumba haipo. Sasa najua sababu. Mashine ile ilikuwa na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na kumbukumbu ya aina hiyo hushika mambo kwa muda ule tu ambao umeme unapita ndani yake. Zilikuwepo kaseti zenye betri ndogo ya kuhifadhi safari ya mchezaji, kama ile ya The Legend of Zelda iliyouzwa Marekani mwaka 1987, lakini mtaani kwetu hazikufika.

Dada hakulia. Alikwenda chumbani akarudi na daftari jipya la hesabu, akapiga mstari kuzunguka viboksi 13 kwa 13, akaanza kuuchora uwanja wa Bandari kutoka kichwani mwake. Mimi nilikuwa nikimkumbusha hapa na pale, na mara nyingi nilikosea. Tangu siku hiyo utaratibu ukawa huo: tunabuni kwenye karatasi katikati ya wiki, tunajenga Jumamosi, tunacheza, tunazima, na Jumapili tunajenga tena kwa kufuata karatasi. Tulipozoea, uwanja mzima ulituchukua kama dakika nane, mimi nikishika pedi na yeye akisoma: mstari wa tatu, mbili tupu, chuma, chuma, maji. Na umeme ulipokatika katikati ya mchezo, jambo ambalo halikuwa la ajabu, tulisubiri gizani na daftari mapajani mwake, na uliporudi tukaanza kusoma tena kutoka mstari wa kwanza.

Daftari liliendelea kupokea mengine. Dada alipoanza kuinakili gemu ya Super Mario Bros. kwa penseli ndipo alipogundua kwamba mawingu ya juu na vichaka vya chini vina umbo moja, tofauti ikiwa rangi tu. Nilimbishia mpaka alipoziweka karatasi mbili dirishani, moja juu ya nyingine. Ni kweli kabisa: gemu ile nzima ilitoshea katika kilobaiti 40, na walioitengeneza walitumia umbo lilelile mara mbili ili kuokoa nafasi. Katika gemu ya Contra aliandika ule mfuatano unaompa mchezaji roho 30, ambao ulitufikia kwa mdomo kutoka kwa mtoto mmoja aliyetoka likizo Mombasa: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Tuliusoma kwa mahadhi kama kisomo cha chuoni. Aliyeubuni ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami, ambaye aliuweka katika gemu ya Gradius mwaka 1986 kwa sababu ilikuwa ngumu kupita kiasi kwake alipokuwa akiijaribu. Alifariki mwaka 2020, na siku niliyosoma habari hiyo nilimpigia dada simu, naye akaukariri wote bila kusita.

Bastola ilikuwa ya kupiga bata, na niliipenda kwa namna isiyohusiana na daftari. Ukivuta kifyatulio skrini inakuwa nyeusi kwa kitambo kifupi sana, kisha mahali alipo bata panachorwa mraba mweupe, na jicho lililo ndani ya mtutu linaangalia kama linaona mwanga. Nilikuwa nikifikiri bastola inarusha kitu kuelekea TV, kumbe inapokea. Kazi hiyo hutegemea namna TV ya kichogo inavyochora picha yake kwa wakati uleule, ndiyo maana bastola hizo hazifanyi kazi kwenye TV bapa za leo.

Mashine ya Sega sikuwahi kuimiliki. Jirani yetu alikuwa nayo, na nilimtazama Sonic, mhusika wa gemu yake, akikimbia kwa kasi ambayo mashine yetu isingeiweza, nikarudi nyumbani.

PlayStation ilitufikia kupitia kibanda. Mwaka 2001 nilipokuwa sekondari, nyuma ya soko la Mgandini kulikuwa na chumba chenye TV nne, mabenchi ya mbao na pazia zito la kuzuia jua, na mechi moja ililipiwa shilingi 100. Anayefungwa anainuka. Gemu ilikuwa Winning Eleven, ya mpira wa miguu, toleo la Japani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusoma neno lolote kwenye skrini. Tulijua kwa mahali: ya tatu kutoka juu ni kuchagua timu, ya mwisho ni kutoka, na duara ndicho kitufe cha kukubali, kwa kuwa katika mashine za Japani duara lilikuwa kukubali na msalaba kukataa. Hadi leo kidole changu hutangulia kwenye duara. Niliona vijana waliokuwa wakishindwa kukariri aya moja ya historia wakipanga kikosi kizima, mbinu na kona, kwa maandishi ya Kijapani, bila kukosea, na sikuona kwamba wamepoteza muda. Vichwa vyao vilikuwa vimebeba kile ambacho skrini ilikataa kuwaambia.

Mwaka 2003 mwenye kibanda aliamua kuhamia PlayStation 2, akaziuza zile za zamani. Dada alikuwa ameanza kufundisha chekechea, na kwa mshahara wake wa kwanza aliongeza kilichopungua katika akiba yangu tukanunua moja, ya kijivu, yenye pedi ambayo raba ya vitufe ilikuwa imelainika kwa jasho la nusu ya mji. Ilikuwa imeshafungwa chipu. Diski halali za PlayStation ziliwekewa alama katika mtikisiko mdogo wa njia inayosomwa na lenzi, alama ambayo mashine za kawaida za kunakilia CD haziwezi kuiandika, na kazi ya chipu ilikuwa kuihakikishia mashine kwamba alama hiyo imeonekana. Diski zote tulizozijua zilikuwa nakala. Lenzi nayo ilikuwa imechoka. Ilipokataa kusoma CD tuliisimamisha mashine kwa ubavu, na ubavu uliposhindwa tuliipindua juu chini, na ikafanya kazi hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja, miguu juu, kama mdudu aliyelala chali.

Kitu kipya hasa kilikuwa kadi ya kumbukumbu. Ilikuwa nyembamba kuliko kiberiti, ya kilobaiti 128, iliyogawanywa katika bloku 15, na ukizima mashine kila kitu kinabaki. Wiki ya kwanza tulizima na kuwasha mara nyingi bila sababu, ili tu kuona kwamba Crash Bandicoot, mhusika wa gemu yetu, bado yupo kisiwani pale tulipomwacha. Dada, kwa mazoea, aliandika katika daftari bloku ya ngapi ina nini. Halafu siku moja mtoto wa mama mkubwa alikuja likizo, akakuta kadi imejaa, akafuta bloku sita ili apate nafasi ya gemu yake. Hatukumgombeza, kwa kuwa alifuta asichokijua. Lakini nakumbuka dada akiwa amelifungua daftari kwenye ule ukurasa wa bloku, akiutazama. Ukurasa ulijua vizuri kabisa ni nini kilichopotea, na haukuweza kutusaidia kukijenga tena. Viwanja vya vifaru tulivifufua mara mia moja. Safari ya Crash iliyokuwa katika bloku ya nne haikurudi. Alilifunga, na sikumbuki kama aliandika kitu kingine humo baada ya hapo.

Mwaka 2006 dada aliolewa akahamia Muscat, na mimi nikaenda chuo Dar es Salaam. Wanne tuliokuwa chumba kimoja cha hosteli tulichanga fedha tukanunua PlayStation 2 ile nyembamba katika duka moja la Kariakoo, pamoja na TV ya mtumba. Ziliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na hakuna mashine ya gemu iliyopata kuuzwa kwa wingi zaidi yake. Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Mabwawa ya kuzalisha umeme, Mtera likiwemo, yalipungua maji, na mgao ukawa sehemu ya ratiba kama vipindi vya darasani. Tulijua ni siku gani upande wetu una umeme na kwa saa ngapi, na ligi yetu ya gemu ya mpira ya Pro Evolution Soccer ilipangwa kwa kufuata hayo.

Gemu hiyo ilikuwa na leseni za timu chache, kwa hiyo Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea iliitwa London FC, na katika Master League, sehemu ya kuongoza timu msimu hadi msimu, ulianza na wachezaji wa kubuni ambao hawakuwahi kuzaliwa popote: Castolo, Minanda, Ivarov golini. Sisi wanne tuliwapenda watu hao. Tulijua udhaifu wa mabega ya mmoja na uzito wa miguu ya mwingine, na niliendesha timu yao kwa misimu sita. Usiku mmoja, maandishi ya kuonya kwamba usizime mashine wakati inahifadhi yakiwa bado kwenye skrini, umeme ulikatika. Uliporudi, kadi ya megabaiti 8 ilisomeka, lakini faili la ligi lilikuwa limeharibika. Asubuhi yake nilikwenda dukani nikanunua daftari la hesabu, la viboksi, na tangu siku hiyo nikawa naandika matokeo yote ya chumba chetu: tarehe, nani kwa nani, mabao, na pembeni sababu ya ubishi kama ulikuwepo. Nilifanya hivyo bila kutafakari, kama mtu anayetembea kwa mwendo wa mzazi wake.

Tulipomaliza chuo mwaka 2009 tulipiga kura. Mashine ilimwangukia mwenzetu wa Mbeya, TV ikaenda Morogoro, pedi zikaenda Kigoma, na mimi nikapata kadi. Ninayo mezani ninapoandika haya.

Kuhusu PlayStation 3 sina mengi ya kueleza, nilikaa nayo miezi michache nikaiuza kulipia kodi ya nyumba. PlayStation 4 niliinunua mwaka 2018, nikiwa na kazi na familia, na ni mashine nzuri ajabu. Hata hivyo diski niliyoinunua ilinidai kwanza gigabaiti nyingi za masahihisho, na nikajifunza kuamka saa tisa usiku kutumia bando la bei nafuu. Watu wengi hapa kwetu hufungua akaunti za mtandaoni kwa kujiandikisha kama wakazi wa nchi nyingine, nami nilifanya hivyo, kwa anwani ya barua pepe niliyoitengeneza kwa ajili hiyo tu. Mashine ilihifadhi kila kitu yenyewe, hadi dakika niliyofunga bao, nami kwa mara ya kwanza sikuandika popote. Nilipoiuza mwaka 2022 nilikuwa nimeshasahau nywila ya ile barua pepe, na miaka minne ikaenda nayo. Mwaka uliofuata, baada ya kampuni ya EA na shirikisho la mpira la FIFA kuachana, matoleo ya zamani ya gemu ya FIFA yaliondolewa katika maduka ya mtandaoni na gemu mpya ikaja kwa jina la EA Sports FC 24. Mtu aliyetaka kuonyesha wanawe alichokicheza ilimbidi awe na diski.

Desemba iliyopita nilikwenda Tanga na binti yangu mwenye miaka minane. Mama alikuwa akipanga upya vitu vyake, akalivuta lile sanduku la bati, na ndani yake, chini ya vitenge na vyeti vya shule, tukakuta Family Game ikiwa imefungwa ndani ya khanga, kaseti ya manjano, na daftari. Fundi redio wetu amefariki, lakini mwanawe amekirithi kibanda. Alibadilisha adapta, akasafisha meno kwa ufutio na spiriti bila kuambiwa, akarekebisha waya mmoja wa pedi uliokuwa umekatika ndani. TV ya mama siku hizi ni bapa, na tuliogopa itakataa, ila ina tundu la antena na inatafuta stesheni yenyewe. Chenga zilitokea, kisha orodha ya gemu, kijivu kwanza, halafu rangi.

Tulicheza vifaru hatua nne, na binti yangu aliivunja ngome yetu mara mbili. Halafu nikamwonyesha lile chaguo la tatu. Nilifungua ukurasa wa Bandari, nikamkabidhi pedi, nikaanza kusoma: mstari wa kwanza, tupu yote, mstari wa pili, mbili tupu, chuma, chuma, maji. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyokuwa mimi. Tulipofika mstari wa 11 nikakwama, kwa sababu mende walikuwa wamekula kona ya chini ya ukurasa na viboksi vinne vya kulia havikuwepo. Nilijaribu kukumbuka nikashindwa. Nikachukua simu nikampigia dada Muscat, kwa video, nikaielekeza kamera kwenye TV.

"Shikamoo shangazi," binti yangu akasema.

"Marahaba mwanangu, hujambo? Hiyo ni Bandari?" Alisogeza uso karibu na simu, na nyuma yake jiko lilikuwa likifuka mvuke. Nikamweleza tulipokwama. "Mstari wa 11 mwisho kulia ni maji mawili, tupu moja, halafu chuma. Mwambie asiweke matofali hapo. Tuliwahi kuweka matofali, na wewe mdogo wangu ukapiga kutokea kona ile ukaivunja ngome."

Binti yangu aliweka maji mawili, akaruka nafasi moja, akaanza kubonyeza A, matofali yakatokea, akabonyeza tena, mpaka kikaja chuma.